Bastola ya Mninga

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Saleh ana bastola! Ya chuma, ya kweli, yenye kibali cha serikali. Nimeiona mchana kweupe hapa Majengo, mlangoni mwa duka langu la vyombo. Aliinama kuchukua ndoo aliyonunua kwangu, koti likapanda, kitako cheusi kikanichungulia kutoka kiunoni. Kwa mshtuko nikampa ndoo isiyo na mfuniko. Akasema haidhuru, ataifunika kwa sinia. Hata upole wake una maringo.

Saleh ni Myao wa Tunduru. Ana mashamba ya korosho huko, na ghala hapa mtaa wa pili. Ana Fuso. Ana meno yote. Watu wakimwona wanafurahi kabla hajasema kitu. Mimi nauza masufuria hapa tangu barabara ikiwa vumbi tupu, na sijamwona aliyefurahi kwa kuniona.

Bastola peke yake ningeivumilia. Uongo. Nisingeivumilia. Lakini zaidi ya bastola kuna Benigna, mjane mwenye mashine ya kusaga kule Bombambili. Mwezi uliopita wezi walivunja kibanda chake wakaondoka na mkanda wa mashine. Akasema mbele ya wateja, nami nikiwamo na debe langu, kwamba akiolewa tena ataolewa na mwanamume anayejua kulinda nyumba. Aliposema hivyo alitazama upande wangu. Nyuma yangu alikuwepo mzee Kajetani tu, ameegemea mlango. Kwa hiyo alinitazama mimi.

Nilipanga kumwambia la moyoni mwezi huu. Shati lilishapigwa pasi. Sasa Saleh ana bastola, na mimi nina mabeseni.

Jumapili, 3 Agosti

Sikwenda misa. Mungu wa majeshi ataelewa. Nimeshinda mbele ya kioo cha kabati nikijifunza kuchomoa silaha, kwa kutumia gunzi la muhindi. Chomoa, elekeza, mkazie macho adui. Gunzi likanasa mfukoni, mfuko ukachanika.

Jioni nikamfuata mzee Kajetani. Alikuwa mkufunzi wa mgambo. Nusu ya wanaume wa mji huu wametambaa kwenye matope kwa amri yake. Sasa ni mgane, mvi kichwa kizima, na akisimama magoti yanalia. Nikampa shikamoo mara mbili. Nikamwambia nataka kujifunza kujilinda kwa bastola kwa sababu ya mwanamke fulani. Jina sikutaja. Siri ya vita! Mzee akacheka, akasema hata yeye mambo hayo anayaelewa. Maskini, anakumbuka ujana.

Malipo ni debe la mahindi kwa wiki, atakwenda kulisaga mwenyewe. Siku zote yuko tayari isipokuwa Jumapili. Alisema Jumapili ya leo na mbili zinazofuata hawezi kukosa kanisani hata iweje. Uzee humsogeza mtu kwa Mungu.

Jumatatu, 4 Agosti

Ofisi ya mtaa. Mtendaji ni binti mwenye miwani. Akaeleza kwamba maombi ya silaha huanzia kwao, yanapanda kamati ya ulinzi na usalama, yanafika polisi, na mwombaji sharti awe na sababu. Nikasema kulinda mali. Mali gani? Nikataja ndoo, masufuria, chupa za chai. Akauliza kama kuna mtu amewahi kunitishia. Nikasema yupo, Saleh. Akauliza amenitishia vipi. Nikasema kwa kuwa nayo.

Akavua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Akanishauri ninunue kufuli.

Akaongeza kwamba Saleh alivamiwa porini akiwa na gari la mzigo, akapigwa mapanga begani, ndiyo sababu akapewa kibali. Sijui aliniambia ili nini. Mimi sijawahi kuvamiwa hata mara moja. Wezi nao wana upendeleo!

Jumatano, 6 Agosti

Serikali ikininyima, seremala atanipa. Mgambo wote walijifunzia bunduki za mbao na nchi ikalindwa. Jana nikampelekea Edmund mchoro, nikamwambia mninga mkavu, rangi nyeusi. Edmund alijifunzia kuchonga kule Peramiho, na kazi zake ni misalaba na watakatifu.

Leo imekuja. Nzito. Nyeusi. Ukiiona kwa mbali unakojoa. Ila kwenye kitako amechonga mzabibu na vichala vyake, na juu ya mtutu kuna malaika mdogo amefumba macho. Nikamuuliza malaika anafanya nini hapo. Edmund akasema mkono wake hauwezi kuacha mti mtupu. Basi. Adui hatakaribia kiasi cha kumwona.

Alhamisi, 7 Agosti

Somo la kwanza, nyuma ya nyumba, kati ya banda la kuku na choo. Kajetani maisha yake yote amefundisha bunduki ndefu. Akapaza sauti nibebe silaha begani. Nikabeba. Bastola begani! Nilikuwa kama mtu anayeumwa jino. Kuku wakatoka kutazama.

Baadaye akatulia, akaanza kufundisha kweli. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka uamue. Usimwelekezee mtutu mtu ambaye hutaki afe. Tazama nyuma yake kuna nani. Kabla ya kuchomoa, jiulize kama huwezi kuondoka zako. Somo zima likawa la kutochomoa. Nikamwambia kutochomoa nilikuwa naweza tangu zamani, sihitaji mwalimu.

Shati lake lilikuwa jipya, na mkononi lina unga. Nikampa debe la wiki. Nikamwomba pia, akiwa pale mashineni, anisifu kidogo mbele ya akina mama. Akasema hilo dogo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Watu wengi mjini, biashara ingekuwa nzuri. Ilipopungua nikasimama nyuma ya rafu ya mabeseni nikarudia zoezi. Geuka, chomoa, piga goti, elekeza. Nilipogeuka, alikuwepo mama Zuhura, mama mtu mzima, ameshika chupa ya chai.

Mama Zuhura akaweka chupa chini taratibu. Akavua hereni. Akavua saa. Akaanza kusoma shahada. Nikamwambia ni mti, mama, ni mti tu. Akasema sawa baba, akanikabidhi na kitenge cha juu. Ilibidi nigonge bastola kwenye meza mara kadhaa asikie mlio wa mninga.

Alipoelewa, sitaandika aliyoyasema. Ameondoka na chupa ya chai, hotipoti na beseni kubwa, vyote bure, na jioni habari ilikuwa imefika mpaka sokoni. Angekuwa Saleh, wangesema yuko makini.

Jumapili, 10 Agosti

Misa tena sikwenda. Wakati wa misa mtaa hauna macho, ndio muda mzuri wa vita. Nimechomoa mpaka kiganja kikaota lengelenge. Kasi imeongezeka. Kuku sasa wanalala chini nikisema mikono juu.

Waumini walipokuwa wakirudi walinikuta uani. Wakasimama kwenye ua wa mabanzi, wakanitazama. Mke wa Edmund akanipa pole, akasema nimejikaza kiume. Mwingine akatikisa kichwa, akasema kila mtu huuguza moyo kwa namna yake. Nikawashukuru. Wameanza kuniheshimu.

Jumatatu, 11 Agosti

Saleh kaja kuchukua mfuniko. Akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Akasema amesikia najifunza silaha. Akaniambia, kindugu eti, kwamba wallahi silaha ni mzigo. Akilala anaiwaza, akiamka anaitafuta, msikitini hajui aiweke wapi, msalani anakwenda nayo. Angekuwa na uwezo angeirudisha polisi kesho, alale kama zamani.

Nilimsikiliza kwa meno yaliyokazana. Mwenye shibe humwambia mwenye njaa kwamba wali unavimbisha tumbo! Akaenda zake akipiga mluzi. Akielekea wapi? Bombambili.

Jumanne, 12 Agosti

Nimekwenda mashineni kwa kisingizio cha pumba za kuku. Nilichokiona kimeniunguza. Saleh amekaa juu ya gunia, anasimulia. Benigna anacheka mpaka anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Mimi nimewahi kumfanya acheke hivyo? Mara moja, nilipoanguka na baiskeli.

Mzee Kajetani naye alikuwepo, amevua shati, anafunga komeo jipya kwenye mlango. Anajitolea siku hizi. Benigna akampelekea chai na muhogo, akampangusa vumbi mgongoni. Ana huruma sana kwa wazee huyu mwanamke. Ningekuwa na mke wa namna hiyo!

Kisha akanijia. Akasema atahitaji sahani na mabeseni ya shughuli, mengi, na kwamba nisikose kuja. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimesikia. Nikiri kwamba kuna habari inazunguka Majengo na mimi sina? Nikasema nimesikia yote, tangu zamani. Akashusha pumzi. Akasema alikuwa anaogopa labda nimeumia. Nikacheka kama wanavyocheka wenye bastola.

Njiani nikajiuliza ni shughuli gani. Halafu nikamkumbuka Saleh juu ya gunia na nikaelewa. Ni posa yake! Wiki hii lazima nionyeshe uwezo wangu, la sivyo nimekwisha.

Jumatano, 13 Agosti

Msiba. Mzee Rupert, baba mdogo wa Benigna, amefariki. Alikuwa mgonjwa muda mrefu, kijijini kwao upande wa Peramiho. Kesho maziko. Nimesikitika. Pia nimepaka bastola rangi tena.

Alhamisi, 14 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Twende kwa utaratibu. Maziko yalikwisha salama. Nilivaa koti la marehemu baba, refu, linaficha kitu kizima. Watu walikuwa wengi uani, vyakula vinagawiwa. Wakaingia watani. Sisi Wangoni na Wayao ni watani tangu vita vya mababu, kila mtoto anajua. Msibani mtani anaruhusiwa yote. Anaweza kumwiga marehemu alivyokuwa akikohoa, anaweza kuziba njia, anaweza kubeba sufuria jikoni mpaka akombolewe. Kazi yake ni kuwachekesha wafiwa. Na kukasirika ni mwiko. Nayajua haya yote. Naandika ili ieleweke kwamba nayajua.

Mbele ya watani alikuwa Saleh, amejifunga kanga kiunoni. Akamwendea Benigna, akamshika mkono, akatangaza kwamba mzee Rupert ndiye aliyekuwa anamchunga huyu, sasa hana mwenyewe, kwa hiyo anampeleka Tunduru akampukutishie mikorosho, leo hii, mpaka ukoo utoe jogoo. Watani wakashangilia. Benigna akajifanya kulia. Akavutwa kuelekea barabarani.

Akili ikaniambia ni utani. Lakini kitu kingine, hapa chini ya kifua, kikasema ameshika mkono wake.

Nikachomoa! Ilinasa kwenye bitana ya koti, nikavuta, ikatoka na bitana. Nikapiga goti. Nikapaza sauti: mikono juu, mwachie huyo mwanamke! Mtu akaangusha sinia. Wazee wawili wakalala kifudifudi. Nilimwona Saleh amekodoa macho, na kwa dakika hiyo moja, Mungu anisamehe, nilikuwa na raha ambayo sijaipata tangu nizaliwe.

Ndipo Kajetani akatoa amri kutoka kwenye mabenchi. Silaha chini! Mkono wangu ukatii wenyewe. Mafunzo yake mabaya. Bastola ikaanguka, ikadunda, ikamwonyesha kila mtu malaika.

Saleh akaitazama. Akaniangalia. Akashika kifua, akayumba upande huu, akayumba upande ule, akaanguka chali katikati ya uwanja. Amekufa! Watani wakamvamia kwa vilio. Mwanne, dada yake, akajitupa juu yake akiomboleza kwamba kaka yake amepita salama kwenye mapanga ya majambazi, kaja kuuawa na zabibu. Wakadai achimbiwe kaburi. Wakadai muuaji aoshe maiti. Maiti ikafumbua jicho moja, ikadai pilau.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Benigna, mwenye msiba, alicheka akashikilia nguzo ya kibanda. Kajetani alicheka magoti yakalia. Mtani mmoja akauliza kwa nini bwana harusi mwenyewe ametulia, halafu huyu anapiga risasi, anapiga kwa niaba ya nani. Sikuelewa. Watani husema ovyo.

Wazee wa ukoo wakakaa papo hapo. Anayekasirikia utani msibani analipa. Jogoo. Wangu, yule mwekundu, shahidi wa mazoezi yote. Na bastola wakaichukua watani kuwa malipo ya kifo cha Saleh.

Jumamosi, 16 Agosti

Duka nimefunga siku mbili. Watoto wakipita wanaanguka chali mlangoni na kudai pilau. Saleh kanitumia salamu kwamba alifurahi sana, hajacheka hivyo tangu apigwe mapanga. Bastola yangu ameitundika ukutani ghalani kwake, watu wanakwenda kuitazama. Kwa hiyo sasa Saleh ana bastola mbili.

Jumapili, 17 Agosti

Nimekwenda misa. Nilitaka kujinyenyekeza. Nikakaa benchi la nyuma, karibu na mlango.

Baada ya komunyo yakasomwa matangazo. Ndoa zinazotarajiwa. Tangazo la tatu na la mwisho. Kajetani, mgane, wa Bombambili, na Benigna, mjane, wa Bombambili. Mwenye kujua kizuizi chochote amwone paroko.

Nilisikia masikio yananivuma. Tangazo la tatu! La kwanza lilisomwa wakati napigana na gunzi. La pili lilisomwa wakati nawalaza kuku. Kanisa zima lilijua. Mtaa mzima ulijua. Ile ilikuwa ni huruma, wala si heshima, pale kwenye ua wa mabanzi.

Bila kukusudia nikasimama. Benchi likalia. Vichwa vyote vikageuka. Kizuizi? Kizuizi gani ninacho, zaidi ya mimi mwenyewe? Nikajifanya nakohoa. Nikakohoa mpaka nje, nikaendelea kukohoa mpaka nyumbani.

Imeniuma. Naandika hapa maana hakuna wa kumwambia. Sikupika leo. Nimelikunja lile shati nililolipiga pasi, nikalirudisha sandukuni. Mahindi yangu mwenyewe yalikuwa yanampeleka mzee mashineni!

Jumatatu, 18 Agosti

Kajetani kaja asubuhi na mfuko wa unga, zawadi kutoka kwa Benigna. Akanishukuru kwa mahindi. Akasema amekuwa akinisifu sana pale mashineni, kama nilivyomwomba, na Benigna amekubali kwamba mimi ni mtu mwema. Kisha akauliza, kwa upole, mwanamke wangu yule ni nani, maana hakuwahi kumjua. Nikasema ni wa Mbinga. Amehamia mbali. Mzee akanishika bega, akanipa pole, machozi yakamlengalenga. Nilimchukia kwa muda mfupi tu. Ni vigumu kumchukia mtu anayekulilia.

Akaniomba nisimame mlangoni siku ya harusi, mkuu wa ulinzi, mikono mitupu. Nikakubali. Nikajisikia vizuri hata nikamwuliza mwenyekiti wa kamati ya harusi ni nani.

Saleh!

Saleh, Mwislamu, Myao, mtani, mwenyekiti wa harusi ya Wakatoliki! Walimchagua kwa kauli moja. Nani aliwahi kunichagua mimi kwa kauli moja? Hata kwa kauli mbili?

Jumamosi, 23 Agosti

Nimefikiri wiki nzima, nimepata kiini cha tatizo. Ni Saleh. Asingekuwa na bastola, nisingefanya mazoezi. Nisingefanya mazoezi, ningekwenda misa. Ningekwenda misa, ningesikia tangazo la kwanza na nikawahi. Benigna nimepokonywa na Saleh, hata kama anaolewa na Kajetani.

Safari hii nimekuwa mwerevu. Yuko Suzana, mwalimu wa shule ya awali, amehamia mtaa wa nyuma, anaimba sauti ya pili kwaya ya jioni. Jana alisema mbele ya watu kwamba mwanamume asiyeweza kuimba hana utulivu wa moyo. Alitazama upande wangu. Leo asubuhi nimemwona Saleh akipita karibu na nyumba yake anapiga mluzi. Mluzi! Ameanza!

Hanipati. Nimekwenda moja kwa moja kwa Valence, mwalimu wa kwaya, nikaomba anifundishe kuimba kwa siri. Sikumtajia jina la mwanamke. Valence ni kijana mpole, hana mke, hana makuu. Kila baada ya mazoezi humsindikiza Suzana mpaka mlangoni na kumbebea vitabu, kwa wema tu, hataki chochote. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kumwamini. Amekubali kunifundisha siku zote isipokuwa Jumapili tatu zijazo, ana shughuli kanisani.

Hapo sawa. Jumapili hizo nitazitumia kumchunga Saleh.